Chumba Ambacho Nzioka Hakuingia

Kabla hajafungua mkoba wake, Nzioka hugonga ukuta. Hugonga kwa kifundo cha kidole cha kati, mara tatu, sikio likiwa karibu, kisha husogea hatua mbili na kugonga tena, mpaka amalize chumba kizima. Wateja wengine humwona kituko. Wamemwita kwa sababu WiFi haifiki chumbani, naye anazunguka nyumba yao akigonga kuta kama mgeni aliyekosa mlango. Hawajui kwamba akimaliza huwa ameshajua ruta ikae wapi, waya upite wapi, na kama nyumba inahitaji kifaa cha pili au inahitaji tu mwenyewe aitoe ruta nyuma ya televisheni.

Mimi ni Linet, shemeji yake. Alimwoa mdogo wangu Syombua miaka kumi na minane iliyopita. Watu wa Machakos wanaomjua Nzioka wa Kyumbi wanaulizana siku hizi kwa nini kibanda chake kinafunguliwa siku mbili kwa wiki, na majibu wanayopeana ni ya kubuni. Eti ni sukari, eti ni pombe. Mtu hajawahi kuonja hata busaa, wanampa pombe. Basi acha niseme mimi, maana naijua sababu yenyewe kuliko hata yeye.

Alianza na antena za televisheni, zile za kufungwa juu ya bomba refu. Alipanda mapaa kuanzia Kyumbi mpaka Mwala, na kwa muda mrefu ukiona antena imesimama wima bila kuyumba na upepo, ulijua ni mkono wake. Mitambo ya zamani ilipozimwa, antena zikabaki za kukaliwa na ndege, naye akahamia kwenye ving'amuzi. Baadaye intaneti ya waya ikaanza kuvutwa kwenye nguzo hadi mitaani, akaona na hii pia ni kazi ya kupanda na kuvuta waya. Alijifunza peke yake, kwa video za simu, daftari la kurasa mia mbili likiwa mapajani. Kibanda chake kiko njia panda pale, katikati ya muuza ndizi na fundi wa pancha, na hajawahi kuweka bango.

Sasa nieleze kuhusu mama yetu. Tulimwita Mwaitu, ndivyo Mkamba anavyomwita mama yake. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hawali pamoja, hawasogeleani, na chumba anamolala mama mkwe, mkwe hakikanyagi. Wenyewe tunaita nthoni, heshima yenye haya ndani yake. Siku hizi wengi wameiacha. Utamkuta mtu jikoni kwa mama mkwe wake anapakua chakula huku wanacheka. Mwaitu hakuwa wa hao. Nzioka akija kutusalimia, yeye alikaa jikoni na Nzioka sebuleni, wakaongea kwa sauti kubwa kupitia ukutani. Waliongea mambo ya mvua, ya mbuzi, ya mhubiri wa Jumapili aliyesinzia kwenye madhabahu yake mwenyewe. Kwa nje ungedhani wanagombana. Walipendana sana wale watu wawili, na katika miaka yote hiyo sidhani waliwahi kutazamana usoni kwa dakika nzima.

Syombua aliondoka kwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, miaka miwili na nusu sasa. Watoto wao wako shule ya bweni. Mwaitu alikataa ile safari. Alisema mtoto wake hawezi kwenda kuosha sahani mahali ambapo akiugua hakuna mtu wa kumshika kichwa. Asubuhi ya kuondoka, Syombua alipiga magoti mlangoni aombewe, na Mwaitu akageuza uso akaendelea kuchambua maharagwe. Mdogo wangu alipanda gari la uwanja wa ndege bila baraka ya mama yake. Kwetu hilo si jambo dogo.

Mwezi wa pili mwaka huu Mwaitu aliteleza kando ya tangi la maji akavunjika nyonga. Daktari alisema kwa umri ule na moyo ule hawezi kupasuliwa. Tukaambiwa tumpeleke nyumbani, tumpe dawa za maumivu, tusimsogeze ovyo. Hawakusema anakufa lakini nilielewa. Nilifunga duka langu la nguo pale mjini nikahamia nyumbani Mutituni kumuuguza.

Chumba chake kiko mwisho wa nyumba, nyuma ya jikoni. Kilikuwa stoo ya mahindi tulipokuwa wadogo, na marehemu baba alikigeuza kuwa chumba cha kulala magoti ya Mwaitu yalipoanza kusumbua, kwa vile kiko karibu na choo. Ruta ya WiFi ilikuwa sebuleni, pale ambapo watu wa kampuni waliona ni rahisi kwao kuingiza waya. Ukitoka sebuleni na simu, alama zinapungua jikoni, na ukivuka mlango wa Mwaitu hakuna hata moja. Mtandao wa simu wa kawaida nao pale kwetu ni wa kutafutwa, milima imetuziba. Lazima utoke mpaka getini ndipo upige.

Na mwajiri wa Syombua alimpa simu Ijumaa peke yake, saa tisa alasiri mpaka saa kumi. Basi.

Nilijaribu njia nyingine zote. Nilimrekodi Mwaitu nikamtumia Syombua, lakini kwenye zile video Mwaitu anaitazama simu tu, amefunga mdomo. Nilimwambia atamke baraka nirekodi. Akanitazama kama anayemtazama mtu asiye na adabu. "Simbariki simu," akasema. "Nitambariki nikimwona." Tukajaribu pia kumpeleka sebuleni, wanawake wanne wa kanisani, kila mmoja na pembe yake ya godoro. Alilia hadi akazimia kabla hatujavuka mlango. Nikaapa sitarudia.

Kwa hiyo nikampigia Nzioka. Alikuja Jumanne, na mkoba wake na roli ya waya begani. Akagonga sebule, akagonga ukumbi, akagonga jikoni. Alipofika mlango wa Mwaitu akasimama kama mtu aliyefika ukingo wa mto, akarudi nyuma hatua moja, akaita:

"Mama, mko aje huko ndani?"

"Tuko tu, mwana wakwa," Mwaitu akajibu kutoka kitandani, akimwita mwanawe. "Tengeneza hiyo kitu yako nimwone mtoto."

Nzioka akanigeukia. "Shem, huku ndani kuko aje? Niambie vizuri, maana siwezi ingia."

Nikamwambia kuna kitanda upande wa kushoto, kabati la mbao, dirisha dogo, kiti cha choo kando.

"Na ukuta? Ni mawe?"

"Ni mawe, kama nyumba yote," nikasema.

Akaniamini. Akasema ukuta mmoja wa mawe hauwezi kushinda kifaa anachoweka. Akaeleza kwamba ruta ya sebuleni tutaiacha hapo hapo, atavuta waya kutoka kwenye hiyo ruta, upite juu ya dari mpaka jikoni, na huko afunge kifaa kingine cheupe, cha mviringo, wao mafundi wanaita eksesi pointi. Hicho kinapokea intaneti kwa waya, kwa hiyo inafika ikiwa na nguvu zake zote, kisha kinaitawanya upya pale kilipo. Wengi, alisema, hununua vile vya kuchomeka kwenye soketi, vinavyodaka wimbi lililokwisha choka na kulirusha tena likiwa limechoka. Aliifanya kazi ile kwa saa tatu. Aliutandaza waya kwa vibanio, bila mahali palipolegea, na jikoni ikawa simu inavuta kuliko mtaa wowote wa Machakos. Nikasimama mlangoni kwa Mwaitu nikaona alama mbili. Nilifurahi nikampikia chai.

Ijumaa saa tisa Syombua akapiga. Niliipokea jikoni, uso wake ukajaa kwenye kioo, amefunga kitambaa cha kazi, tayari analia. Nikaingia nayo kwa Mwaitu. Nilipofika kitandani picha ikaganda. Sauti ikasema "Mwai", ikakatika. Nikarudi mlangoni ikarudi, nikaingia ikakatika. Mwaitu alikuwa amejiinua kwa kiwiko, na kujiinua kwenyewe kulikuwa kunamuua, anauliza yuko wapi, mbona hasemi. Nilihangaika hivyo saa nzima kati ya mlango na kitanda. Saa kumi ikafika.

Jumamosi Nzioka alirudi amekasirika, si kwetu, kwa kile kifaa. Alisema lazima kina hitilafu, kwa sababu ukuta wa mawe namna hiyo ameupita mara mia. Alikuwa amekuja na kingine kikubwa zaidi. Akakibandika nje ya mlango wa Mwaitu kabisa, juu, akanituma ndani na simu.

"Inasema ngapi, shem?"

"Moja. Sasa imepotea."

"Sogea kushoto."

"Hakuna."

"Haiwezekani," akasema. Nikamsikia anauweka mkono kwenye fremu ya mlango, anapumua. Hata sauti yake ilikuwa na haya, kuwa karibu hivyo.

Hapo ndipo penyewe. Nilikuwa nimeinama kando ya kitanda. Mwaitu akanishika mkono, akaniambia polepole, kwa Kikamba, neno kwa neno: "Mwambie aingie."

Nikamuuliza nani.

"Nzioka. Mwambie aingie aone mwenyewe. Mimi nimeshakuwa maiti, haya ya nini tena?"

Chumba kilikuwa kinanuka. Nilikuwa bado sijambadilisha nepi, shuka lilikuwa na madoa, na mwili wa mama yangu ulikuwa umebaki mifupa na ngozi. Mwanamke aliyejifunika kichwa miaka yote mkwe wake akikohoa tu getini, mimi nimfungulie mlango aonwe hivyo? Nikajiambia dawa za maumivu zinamsemesha. Nikajiambia wanawake wa kanisa wako sebuleni, watasema nini. Na nikiwa nasema ukweli wote, kulikuwa na kitu kingine chini ya hayo. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimeosha mgongo ule wiki baada ya wiki, na jina aliloita kila siku lilikuwa la Syombua. Mimi nilikuwepo, sikuitwa. Sikuwa na haraka sana ya ile simu kushika.

"Anasema nini?" Nzioka akauliza kutoka nje.

"Anasema asante," nikajibu.

Mwaitu alinisikia. Aliachia mkono wangu, akageukia ukuta.

Nzioka akasema Ijumaa tujaribu hiki kikubwa, kikishindwa atavuta waya wenyewe mpaka ndani, nimwekee kifaa juu ya kabati. Akasema angependa kuvuta vizuri, atoboe ukuta kwa nje, asiache waya mlangoni watu wakajikwaa. Kifaa cha tatu, kidogo cha mezani, angekipata Nairobi Jumanne ya baada ya hiyo Ijumaa. Waya alikuwa nao begani siku ile ile.

Ijumaa ikashindwa kama ile ya kwanza. Tofauti ni kwamba Mwaitu hakujiinua tena. Syombua alipiga mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja alimwona mama yake kwa nusu sekunde, paji la uso, kona ya blanketi, mkono. Mwisho akanilalamikia mimi jikoni. "Dada, nyinyi mko na nini huko? Nzioka ameweka WiFi kwa mahoteli mazima!" Nikamwambia Nzioka anajitahidi, avumilie mpaka Ijumaa ijayo.

Mwaitu alifariki Jumatatu saa nne asubuhi, nikiwa nimeenda kuanika shuka.

Syombua hakupata ruhusa ya kuja. Nzioka akasema kama hatakuja basi ataona. Siku ya mazishi alivuta waya kutoka sebuleni, akaupitisha kwenye mti wa parachichi hadi kwenye hema, akafunga kile kifaa kikubwa kwenye nguzo ya hema kwa kamba, na simu akaiweka kwenye kigoda mbele ya kaburi. Ilikuwa Alhamisi, mwajiri alimpa simu siku ile kwa huruma. Haikukatika hata mara moja. Syombua aliona jeneza likifunguliwa, akaona uso wa Mwaitu, akaona udongo unaanguka. Baadaye nilimuuliza kama alikuwa anaona. "Picha ilikuwa safi kabisa," akasema, na sijamsikia tena akilia namna ile, wala sitaki.

Wiki iliyofuata tulikisafisha chumba. Kitanda ni cha mbao nzito, wanawake tulishindwa kukitoa, na mwenye chumba hakuwepo tena wa kuonewa haya. Nikamwita Nzioka. Alivua viatu mlangoni. Sikumwambia avue. Akasimama katikati ya chumba akizungusha macho, na kabla hajagusa kitanda, mkono wake ukaenda wenyewe ukutani. Akagonga mara moja.

Hakugonga ya pili. Alitoa bisibisi mfukoni, akalegeza ubao mmoja wa zile zilizofunika ukuta, uliopakwa rangi ya maziwa, akauvuta. Nyuma yake kulikuwa na mabati. Mabati ukuta mzima, kutoka sakafuni mpaka darini, yamepigiliwa misumari yakipandana, na dari nayo hivyo hivyo. Hapo nikakumbuka. Nilikuwa na miaka minane, nimemshikia baba misumari. Panya walikuwa wanatumaliza mahindi, naye akaapa kwamba hakuna panya atakayeingia tena stoo ile. Alipoigeuza kuwa chumba aliona si lazima kuyatoa, akayafunika mbao. Nilijua mabati yako pale maisha yangu yote, lakini nilipoulizwa ukuta, nilijibu mawe.

Nzioka alikaa kwenye mbavu za kitanda kisicho na godoro. "Hapa hata ningeleta mnara," akasema. "Wimbi halipiti bati, shem. Tulikuwa tumemfungia Mama ndani ya mkebe." Akaizungusha bisibisi mkononi. "Ningegonga mara moja tu. Ningepitisha waya hapo mlangoni hiyo Jumamosi, dakika tano, niweke kifaa juu ya kabati. Angemwona mtoto wake."

Nilisema ni mimi niliyemwambia mawe.

"Hapana. Wewe si fundi. Fundi ni mimi. Nani anauliza ukuta kwa mdomo? Niliona haya. Ningemwomba Mama ruhusa, hata kwa hiyo mlango. Labda angekubali. Sikuomba."

Nilikuwa na neno la Mwaitu mdomoni. Lilikuwa pale kabisa, Kikamba chake na pumzi zake, mwambie aingie. Nilimtazama huyu mtu, miguu mitupu kwenye saruji, bisibisi mkononi, na nikaona nikisema atainuka atoke, na nyumba hii hatarudi, na Syombua atajua kabla ya jua kutua. Nikalimeza.

Siku hizi anafungua kibanda siku mbili. Akifika kwa mteja anagonga kuta zote, hata za choo, hata za banda la kuku, anarudia, wengine wanachoka wanamfukuza. Mteja mmoja wa mjini alimwambia chumba cha ndani analala mama yake mgonjwa asiingie, Nzioka akafunga mkoba akaondoka.

Lakini siku ile ya kitanda alikuwa bado ameketi pale, na mimi nimesimama karibu na dirisha dogo. Akaniambia ananiomba msamaha. Alisema wa Syombua ataomba akirudi, ila wangu anauomba sasa, kwa sababu mimi ndiye niliyemuuguza Mama na yeye ameniangusha. Hakulia. Alisubiri nimjibu.

Nikamwambia nimemsamehe.

Akainuka, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru.